Pampu ya mkono, utambi wa shaba, bunduki ya kufyonza au blowa: ulinganisho kwa fundi wa Nyanda za Juu Kusini

Fundi anayefungua kibanda chake cha kwanza Mwanjelwa, Mafinga au Makambako hununua chuma cha kulehemu bila kusita, lakini anapofika kwenye kifaa cha kuondolea risasi, yaani madini yanayoshikisha vipuri kwenye bodi, hukwama, kwa sababu mbele yake kuna vitu vinne vinavyodai kufanya kazi moja, na bei zake zinapishana kama bei ya baiskeli na bei ya pikipiki. Kuna pampu ya mkono yenye springi, ambayo hukandamizwa kisha hufyatuliwa juu ya risasi iliyoyeyuka. Kuna utambi wa shaba, yaani nyuzi nyembamba zilizosukwa kama utepe na kupakwa fluksi (dawa inayosaidia risasi kutiririka na kushika), ambao hunywa risasi kama utambi wa koroboi unavyokunywa mafuta ya taa. Kuna bunduki ya kufyonza, ambayo ni chuma cha kulehemu chenye ncha iliyotobolewa katikati na pampu ya umeme inayopitisha risasi katika tundu hilo. Mwisho kuna mashine ya hewa moto, ambayo mafundi simu huiita blowa. Nimevitumia vyote vinne kwa miaka kadhaa, na kila kimoja kimewahi kuniokoa na kimewahi kuniharibia bodi, kwa hiyo sina sababu ya kukipigia debe kimojawapo.

Vigezo kwanza

Kabla ya kufika dukani, ni vyema fundi ajiulize maswali matano. Je, vipuri anavyotoa mara nyingi ni vya miguu inayopita kwenye matundu ya bodi, kama kapasita, rilei na transfoma, au ni vya kubandikwa juu ya bodi, kama aisii za simu (saketi nzima iliyo ndani ya kipande kimoja) na tundu la chaji? Je, bodi anazopokea ni nyembamba zenye shaba upande mmoja, au ni nene zenye tabaka kadhaa za shaba zinazonyonya joto? Mezani pake kuna umeme wa namna gani, na hukatika mara ngapi? Ana uwezo gani wa kununua leo, na uwezo gani wa kununua vitu vinavyoisha kila mwezi? Na kwa siku moja hutoa vipuri vingapi? Liko swali la sita ambalo fundi wa Dar es Salaam hana haja nalo, nalo ni mwinuko wa mahali anapofanyia kazi; nitalirudia mbele.

Lakini jambo moja hutangulia maswali yote hayo. Ile tunayoiita risasi ni mchanganyiko, na katika waya wa kawaida wa 60/40 bati ndilo asilimia 60, risasi yenyewe ikiwa asilimia 40 tu. Huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 183 za Selsiasi na inapokaribia 190 huwa imeyeyuka yote. Bodi nyingi zilizotengenezwa baada ya Umoja wa Ulaya kuanza kuzuia risasi katika vifaa vya elektroniki, tarehe 1 Julai 2006, zina mchanganyiko wa bati na kiasi kidogo cha fedha na shaba, ambao hauyeyuki mpaka ufike kama nyuzijoto 217. Fundi aliyezoea redio za zamani hudhani pampu yake imechoka, kumbe bodi ndiyo iliyobadilika. Dawa yake ni kuongeza risasi ya 60/40 juu ya kiungo kabla ya kukifyonza, kwa kuwa mchanganyiko mpya utayeyuka kwenye joto la chini zaidi na fluksi yake mbichi itasaidia joto kupenya. Mwanafunzi huona ajabu kuambiwa aongeze risasi ili aiondoe, lakini utaratibu huo unavifaa vifaa vyote vinne, na anayeuruka hana haki ya kukilaumu kifaa chochote.

Aina ya vipuri

Pampu ya mkono ilizaliwa kwa ajili ya vipuri vya miguu. Kwenye bodi ya redio au sabufa, ambayo shaba yake iko upande mmoja, hufyonza mguu mmoja kwa mfyatuo mmoja au miwili, na tundu hubaki wazi kiasi cha kuona mwanga wa taa upande wa pili. Kwa vipuri vya kubandikwa haina kazi kubwa, kwani hakuna tundu la kufyonza, na mshtuko wa springi unaweza kurusha rezista ndogo usiione tena.

Utambi hufanya kinyume chake. Hauna mpinzani katika kusafisha padi bapa (vibamba vya shaba ambavyo miguu ya kipuri hulehemewa) baada ya aisii kutolewa, au kuondoa risasi iliyounganisha miguu miwili iliyokaribiana, lakini ndani ya tundu lenye risasi nyingi hunywa ya juu na kuiacha ya ndani, hasa kama tundu limepakwa shaba ndani yake. Upana wake uendane na padi: utambi wa milimita 1.5 kwa aisii, na wa milimita 3 hivi kwa padi za transista kubwa.

Bunduki ya kufyonza hufanya kazi ya pampu, ila huyeyusha na kuvuta kwa wakati mmoja bila kuondoa joto. Ndiyo maana hung'ara kwenye konekta yenye miguu ishirini au aisii ya miguu mirefu, kazi ambayo kwa pampu ya mkono huchukua nusu saa na matusi kadhaa. Tundu la ncha lichaguliwe liwe kubwa kidogo kuliko mguu wa kipuri. Likiwa jembamba litaziba, na likiwa pana litaiacha padi bila joto la kutosha.

Blowa ni ya vipuri vya kubandikwa. Aisii yenye miguu pande zote nne, au iliyofichiwa miguu chini ya tumbo, haitoki kwa njia nyingine yenye heshima. Ukiielekeza kwenye kapasita za elektroliti zitavimba au kupasuka, na plastiki ya rilei na konekta italainika kabla ya risasi kuyeyuka.

Joto linaloingia kwenye bodi

Hapa ndipo bodi nyingi hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Niliwahi kuletewa amplifaya ya kwaya moja ya hapa Mbeya, siku ya Alhamisi ya mwezi Julai, na wenyewe walikuwa na mkesha Ijumaa. Kapasita mbili kubwa za pawa zilikuwa zimevimba. Mguu wa chanya ulitoka vizuri. Mguu wa hasi, ambao shaba yake ilitandazwa bodi nzima kama shuka, ulinigomea: nilifyatua pampu mara tatu na kila mara ilitoka na punje ndogo ya risasi kama chembe ya ulezi, nami nikawa nakandamiza chuma kwa nguvu zaidi badala ya kukipa muda zaidi. Mara ya nne kilisikika kishindo chepesi, na kijana niliyekuwa namfundisha akainama mezani akauliza, "Fundi, mbona kile kiduara kimekuja na risasi?" Padi ilikuwa imebanduka pamoja na kipande cha njia ya shaba, nyembamba kama ganda la kitunguu. Nililazimika kuunga waya chini ya bodi. Mkesha ulipigwa, lakini tangu siku hiyo sijakilaumu kifaa kwa kosa la haraka yangu.

Kosa lenyewe lilikuwa la aina mbili. Gundi inayoishika padi kwenye bodi hulegea inapokaa na joto kwa muda mrefu, na kila mfyatuo wa pampu ya mkono unadai kiungo kipashwe upya kuanzia mwanzo. Hivyo mifyatuo minne ni mara nne za kuchosha gundi. Kisha nguvu ya mkono juu ya padi iliyolegea huimalizia. Pampu ya mkono haina ukali kwenye bodi nyembamba, ila kwenye shaba iliyotandazwa humpa fundi sekunde moja tu kati ya kuondoa chuma na kufyatua, na katika sekunde hiyo risasi huwa imeanza kuganda.

Utambi una hatari yake, ambayo ni kukwanguliwa. Fundi akiuvuta wakati risasi imeshaganda, huondoka na padi; utambi na chuma vinapaswa kuinuliwa pamoja vikiwa moto. Aidha, shaba ndefu inayoning'inia hunyonya joto la chuma chako, kwa hiyo kata kipande kifupi ukishike kwa koleo, au angalau ukunje ncha na kuongeza fluksi kidogo.

Bunduki hupunguza mara za kupasha, na kwa kigezo hiki ina nafasi nzuri kwenye bodi nene. Utaratibu wake ni kuvisha ncha juu ya mguu bila kukandamiza, kusubiri mpaka mguu ucheze ndani ya tundu, kisha kuvuta huku ukizungusha ncha taratibu. Anayebonyeza kitufe kabla mguu haujacheza atapata matokeo yaleyale niliyoyapata mimi na amplifaya.

Blowa hupasha eneo zima, na hilo ni faida na hasara pia. Padi hazikandamizwi, lakini vipuri vya jirani hupata joto ambalo havikulidai vyenyewe wala mteja. Vikinge kwa utepe wa kuhimili joto au karatasi ya foili, anza na nyuzijoto 320 hadi 350 kwa upepo wa wastani, zungusha mdomo badala ya kuusimamisha, na usiichokonoe aisii. Ukiigusa kidogo ikateleza na kurudi mahali pake, basi risasi yote imeyeyuka na unaweza kuiinua.

Mwinuko na baridi yetu

Mbeya mjini tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ndugu zetu wa Njombe wako juu zaidi. Kila mama lishe wa huku anajua kwamba maharage hukaa jikoni muda mrefu kuliko pwani, kwa sababu maji hutokota yakiwa na nyuzijoto kama 94 badala ya 100. Wepesi huohuo wa hewa unaihusu pampu. Pampu, ya mkono au ya umeme, haivuti risasi kwa nguvu zake, bali huondoa hewa upande mmoja na kuiacha hewa ya nje isukume. Kwa mwinuko wa Mbeya, kanieneo ya hewa hiyo ni takriban nne ya tano ya ile ya Tanga au Dar es Salaam, kwa hiyo hata pampu isiyovuja kabisa huanza kazi ikiwa na upungufu wa moja ya tano. Sitaki kulikuza jambo hili, maana risasi iliyoyeyuka sawasawa hupita tu. Tofauti hujitokeza pale ilipoyeyuka nusunusu. Ukizingatia hilo, ncha kuziba bila kuvuja hewa ni muhimu zaidi huku kwetu, na kipande kifupi cha mpira wa silikoni kilichovishwa kwenye ncha ya pampu ya mkono, ili kikae juu ya padi bila kuacha mwanya, hufanya kazi kuliko kununua pampu kubwa zaidi.

Blowa nayo hubeba joto pungufu kwa upepo uleule, kwa kuwa hewa ni nyepesi, na asubuhi za Juni na Julai bodi huanza ikiwa ya baridi huku mlango wa kibanda ukipitisha upepo. Funga mlango kwanza. Kupandisha joto la mashine kuwe hatua ya mwisho. Wako wanaopasha bodi kwa chini kwanza, mpaka nyuzijoto 100 hivi, kwa hita maalumu au hata kwa pasi ya nguo iliyogeuzwa, nami nimeona ikisaidia sana bodi nene, mradi kipimajoto kiwepo na isiwe kwa kukisia. Utambi hauna habari na mwinuko: shaba hunywa risasi Kitulo kama inavyokunywa Mtwara.

Umeme

Pampu na utambi hutegemea chuma cha kulehemu tu, cha wati 40 hadi 60, ambacho betri ya sola na invata ndogo hukimudu. Bunduki inadai zaidi, kwa kuwa ina hita na mota, ingawa bado si mzigo mkubwa. Blowa za kawaida zimeandikwa wati 700 au karibu na hapo, yaani kama ampea tatu kwenye volti 230, na invata ya wati 300 itazima papo hapo.

Tatizo la blowa haliishii kwenye wati. Ukimaliza kazi na kurudisha mpini mahali pake, feni huendelea kupuliza mpaka hita ipoe. Umeme ukikatika katikati ya kazi, feni husimama ilhali hita bado ni nyekundu, na joto hilo hubaki ndani ya mpini. Katizo la mara kwa mara hufupisha maisha ya hita na huweza kuyeyusha plastiki. Anayekaa mtaa ambao umeme wake haueleweki aweke hita ya akiba katika hesabu zake. Kuichomoa blowa ukutani kabla feni haijasimama ni kuikata umeme kwa mkono wako mwenyewe.

Gharama ya kununua na gharama ya kuendesha

Pampu ya mkono ni rahisi kuliko vyote, na inachodai ni kusafishwa na kupakwa grisi kidogo kwenye mpira wake wa ndani. Ncha yake huliwa na joto polepole, nazo ncha za akiba huuzwa. Bunduki ndiyo ghali kuliko vyote kwa kawaida, na huendelea kula: vichujio, ncha, na vijiti vya kuzibulia. Isiyozibuliwa kila baada ya kazi itaziba, na nyingi ninazoletewa kama "mbovu" zimeziba tu. Blowa iko katikati ya hizo mbili, na haina kinachoisha zaidi ya hita na fluksi.

Utambi ni kitu cha kuisha chenyewe: kipande kilichojaa risasi hukatwa na kutupwa. Ukikaa wazi hupata kutu na kuwa wa kahawia, na hapo hautakunywa tena mpaka uongezewe fluksi. Fundi asiye na fedha anaweza kuvua wavu wa kebo ya antena na kuuloweka kwenye fluksi ya kolofoni, lakini ahakikishe wavu ni wa shaba, kwa sababu kebo nyingi za siku hizi zina wavu wa alumini ambao risasi haiushiki kabisa. Kolofoni yenyewe hutokana na utomvu wa misonobari, jamaa ya miti ileile iliyojaza Sao Hill kule Mufindi. Ila utomvu mbichi kutoka kwenye gome usiutumie, kwani bado una tapentaini inayowaka moto.

Ustadi na afya

Pampu hujifunzwa kwa siku moja, utambi kwa wiki, bunduki kwa siku mbili tatu pamoja na nidhamu ya kuisafisha, na blowa kwa bodi kadhaa mbovu ambazo hazina mwenyewe. Moshi unaopanda ni wa fluksi, nao huwasha mapafu. Vumbi la risasi liko ndani ya pampu na kichujio, kwa hiyo usizipulize kwa mdomo, na nawa mikono kabla ya kumega ugali.

Kwa hali yako

Ukitengeneza redio, sabufa na amplifaya za kawaida, vipuri vitano au kumi kwa siku, pampu ya mkono pamoja na utambi vinakutosha, na fedha inayobaki nunua chuma cha kulehemu chenye kurekebisha joto, kwa kuwa hicho ndicho kitakachoipa pampu risasi iliyoyeyuka.

Ukiwa fundi simu, anza na blowa na utambi mwembamba, uiache bunduki dukani. Tundu la chaji lenye vigingi vya chuma vilivyopenya kwenye bodi hutoka vizuri zaidi likipakwa kwanza mchanganyiko wa bati na bismuthi, unaoyeyuka kwenye nyuzijoto 138. Lakini usafishe wote kwa utambi kabla ya kuweka jipya, maana bismuthi ikichanganyika na risasi iliyobaki huweza kuzaa kiungo kinachoyeyuka chini ya nyuzijoto 100, na simu itarudi kwako.

Ukipokea invata, kontrola za sola na bodi za mashine kwa wingi, zenye shaba nene na transista zilizopangwa safu, bunduki itarudisha gharama yake kwa bodi utakazoacha kuharibu. Ukipokea mbili kwa mwezi, pampu yenye mpira wa silikoni na hita ya chini zitakufikisha, ila polepole. Kama kipuri chenyewe kimekufa tayari, kikate miguu kwanza na kutoa mguu mmojammoja. Bodi ni ya thamani kuliko maiti ya transista.

Ukiwa kijijini Makete au Ileje na umeme wako ni sola tu, blowa iondoe kwenye mawazo mpaka invata iwe kubwa, na utambi uwe wa kutosha. Unaponunua pampu, ijaribu hapohapo kaunta: ikandamize, ziba ncha kwa kidole, kisha bonyeza kitufe. Ikiwa nzima, kishikizo kitarudi kwa kusuasua na utahisi kidole kikivutwa. Kikirudi kwa kishindo kama hakuna kilichozibwa, inavuja, mrudishie muuzaji uombe nyingine.